Nilivyouza Ukubwa kwa Bakuli la Kamande

Enzi zetu kule Njoro, Jumamosi ilikuwa siku ya kamande. Mama alizimwaga kwenye uteo, nasi watoto watano tukazizunguka kutoa mawe. Zilichemka kwenye kuni mchana kutwa, na Jumapili tulienda kanisani nguo zikinukia moshi na kitunguu.

Huko mwalimu wetu alitusimulia habari za Esau, aliyetoka porini ana njaa, akamuuzia Yakobo haki ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu. "Ndizo hizihizi kamande mnazokula kwenu," alisema. Tulicheka hadi tukakemewa. Mwanamume mzima auze ukubwa kwa kamande!

Jumamosi iliyofuata mimi, mzaliwa wa kwanza wa nyumba yetu, nilirudi kutoka kuteka maji nikakuta sufuria imekwanguliwa. Mdogo wangu Daudi alikuwa na bakuli lake, hajaligusa.

"Niuzie ukubwa," akasema.

Niliuza, tena kwa kiapo, nikala hadi jasho likanitoka. Siku tatu Daudi alikalia kigoda changu akitutuma kuni, hadi mama aliposikia.

"Ukubwa ni jaa," mama alisema. "Hauuzwi, maana mwenye akili hawezi kuununua."

Siku hizi nawapikia watu kamande hizohizo. Nilianzia Riyadh, sasa niko Jeddah, mtaa wa Al-Safa, na hapa tunaziita shorba ya adas. Watoto wa madam, mwajiri wangu, huitazama kama dawa ya minyoo, wakabofya simu, baga ikaletwa mlangoni. Binti yangu kule nyumbani naye ananiambia kamande ni chakula cha wazee. Kizazi hiki hata Yakobo angekishindwa.

Wiki iliyopita Daudi alinipigia simu. Mama hawezi tena kushika kijiko, na yeye ndiye anayemlisha. Siku hiyohiyo madam alitaka nibaki miaka miwili mingine.

"Yalla, nijibu leo. Mshahara nitakuongezea," alisema.

Nilisimama jikoni na mwiko mkononi, nikamfikiria Esau, na safari hii sikumcheka.

"Halas, madam," nilimjibu. "Narudi kwetu."

Zamani chakula kilikuwa haba na mama alikuwa na nguvu za kutulisha sote. Sasa chakula ni tele, naye ndiye anayengoja kulishwa. Ninasafiri Ijumaa. Naomba tu nimkute.