Jino la Plastiki Ukweni Kimamba

Jamani, haya nayasimulia uso nimeinamisha, maana hata leo nikipita Kimamba navuka upande wa pili wa reli nisije nikakutana na mtu wa ile nyumba.

Zama zile za vijiji vya ujamaa, sisi tuko Ulaya (kijiji chetu, si kule kwa Wazungu), mpini wa jembe uliniondolea jino la mbele katika shamba la pamoja, na fundi wa meno Morogoro akanitengenezea la plastiki, dogo kama punje ya hindi, limeshikizwa kwenye kijibamba cha chuma. Siku moja kabla ya kwenda kumposa Zaina, jino likabanduka kwenye chuma chake. Mjomba, ambaye ndiye mshenga wangu, akasema tuahirishe nikalirudishe kwa fundi, mimi nikaona haya kuahirisha (kumbe haya zenyewe bado ziko njiani), nikatafuta solusheni ya kuzibia pancha za baiskeli, na kwa vile najifanya mtu wa usafi nikakisugua kile chuma kwa majivu, nikakipaka mafuta kidogo hadi kikang'aa, ndipo nikabandika.

Kufika Kimamba nahisi jino linacheza. Nikabana midomo, na baba yake Zaina alipotoka nikaguna tu na kuinama. Mzee akaketi, akajimiminia kahawa. Mjomba akanikanyaga mguu, maana kijana kuingia ukweni bila shikamoo ni sawa na kutukana, na pazia la mlango likatikisika, nikajua Zaina yuko pale anasikiliza.

"Shikamoo baba," nikasema, kwa nguvu zangu zote.

Jino likaruka, likatumbukia kwenye kikombe chake cha kahawa.

Mzee akaitikia marahaba, akalitoa kwa kijiko, akaliweka kwenye kisahani mbele yangu.

"Pengo si kosa, kijana," akasema. "Lakini umekuja kumwomba binti yangu huku umefumba mdomo. Kipi kingine unatuficha?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mjomba ndiye aliyeaga.

Fundi wa Morogoro alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia ningekikwaruza chuma kwa tupa ili plastiki ipate pa kung'ang'ania, si kukilainisha na kukitia mafuta. Akakichonga vijifereji, akalitengeneza jino upya, na mpaka leo halijabanduka. Zaina aliolewa Masanze. Mimi niliapa, na popote ninapobisha hodi nasalimia mdomo wazi, kisha nasema mwenyewe, kabla sijaulizwa, kwamba hili la mbele ni la plastiki.