Karani Anayenawa Mikono

Karani wa nyumba ya pili hunawa mikono kwenye bomba la nje kila arudipo kazini, mpaka viwikoni, kama fundi wa magari, ingawa kutwa nzima hushika kipanya cha kompyuta tu. Watoto wake humngoja mlangoni, lakini hambebi hata mmoja kabla hajajifuta. Kamera ya simu yake ameibandika plasta. Husema tu kwamba yuko serikalini, na mjane jirani yake, mwalimu mstaafu asiyependa umbea, hakuwahi kumchimba. Salamu ya karani haikosi: "Shikamoo, mama. Habari za kutwa?"

Jumamosi moja, akiwa bado ananawa, aliongeza: "Na mjukuu, upele wa mgongoni umepona?"

Mjane alibaki mdomo wazi. Upele ule aliupiga picha mtoto akiwa ndani ya beseni, akamtumia binti yake muuguzi, basi. Karani naye aligutuka. Maji yakawa yanamwagikia vidole vilivyoganda.

"Mashine hupekua picha za kila mtu, mama," alisema, macho kwenye bomba. "Hiyo ya kwenye beseni iliishika, ikaniletea niikague. Mimi nikaandika ni bibi na mjukuu wake. Jina lenu safi."

"Umeliandika wapi?"

Karani alianza kunawa upya.

Sheria iliyoiruhusu mashine hiyo, ya kuwalinda watoto mtandaoni, mjane ndiye aliyeizungushia karatasi ya kuiunga mkono nyumba kwa nyumba, sahihi yake ikiwa ya kwanza.

"Umepona, mwanangu," alisema hatimaye.

Siku hizi binti akiomba picha za mtoto, mjane humwambia simu imeharibika.