Walimubatiza Feza mikononi mwangu

Dada zangu wa Nyangwe, munisamehe kuchelewa kuandika. Feza iko na homa, siku ya tano sasa.

Leo asubuhi muke wa katekista aliingia na kikombe. Nikafikiri analeta maji ya kunywa!
Akamumwagia mutoto kwenye paji, akamuita Maria.

"Usiogope, Mama Feza. Nimewaombea wote wawili."

Munajua mimi sisali, si misheni, si musikiti. Sala haikuniuma. Lakini hapa Kabambare, mutoto wa sisi wapagani wanamubatiza haraka hivi akikaribia kufa tu.

Nikamwambia, "Asante, mama. Lakini huyu anaitwa Feza, na hajafa."

Akalia yeye. Mimi sikulia.

Sala ziko za kutosha. Munitumie dawa ya homa, kinini, sukari kidogo, na kitambaa cha kumufunika. Cha rangi, si cheupe.