Sambusa za Siku ya Ukaguzi

Karangwa alikuwa karani wa shamba la pareto kwenye milima iliyo juu ya Kitshanga, na kitu alichokitamani kuliko ng'ombe, kuliko hata mtoto wa kiume, kilikuwa kadi. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini serikali ya Wabelgiji iliwapa Waafrika wachache kadi ya kuonyesha kwamba wamestaarabika, na aliyekuwa nayo hakuchapwa fimbo. Karangwa alikuwa ameshachapwa. Alilazwa kifudifudi uwanjani, mbele ya vibarua ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeita majina yao kila asubuhi. Tangu siku hiyo hakuvua shati tena mbele ya mke wake, Mukagasana.

Lakini kusoma na kuandika hakukutosha kumpatia mtu kadi. Wakaguzi walikuja mpaka nyumbani. Walikagua choo, kitanda na sahani, kisha wakataka kumwona mwenye nyumba akila mezani pamoja na mke wake.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mukagasana alizaliwa katika ukoo wa wafugaji, na kwao mtu mzima hatafuni mbele ya mgeni. Mgeni hupewa maziwa au pombe. Chakula huliwa chumba cha ndani, mlango umefungwa, maana anayetafuna mbele za watu anaonyesha njaa yake, na kuonyesha njaa ni sawa na kusimama uchi. Nje ya nyumba yake hakuna mtu aliyewahi kuona taya la Mukagasana likisogea tangu avunje ungo.

"Utakula tu," Karangwa alimwambia. "Wataangalia kidogo, halafu wataenda."

"Nitakula," alijibu, naye alikusudia hivyo kwa moyo wote.

Alifikiri sana kuhusu chakula chenyewe. Nyama ingemlazimu kutafuna muda mrefu, na maharage yangeanguka kutoka kwenye uma. Akaamua kupika sambusa za mboga: kitu kidogo, kisicho na mfupa, ambacho mtu anaweza kukimaliza upesi. Jirani yake Verdiane, mwanamke wa Kihunde mwenye shamba la viazi, aliwahi kuwa mtumishi katika nyumba ya Mhindi huko Goma, na alijua kuzitengeneza.

Asubuhi ya ukaguzi Verdiane alifika na chupa tupu ya kusukumia unga. Alikuta jiko limejaa moshi. Mukagasana alikuwa amejaribu kukaanga kwa siagi ya ng'ombe, ile aliyoiweka kibuyuni kwa kujipaka, nayo ilitoa povu ikaungua mpaka ikawa nyeusi.

"Dada, ile ni mafuta ya kichwa," alisema Verdiane. "Unataka Wazungu wakule nywele zako?"

Akamtuma akalete mafuta ya mawese yaliyopanda kutoka Walikale migongoni mwa wapagazi. Wakakanda unga wa ngano kwa chumvi na maji, wakaufunika kitambaa ulegee. Wakakatakata kabichi, karoti na vitunguu, wakavigeuza chunguni mpaka maji yote yakakauka. Verdiane alisukuma chapati nyembamba, akazipitisha kwenye kikaango kikavu cha chuma, akazikata, akamwonyesha mwenzake namna ya kukunja pembe, kujaza, na kubandika mdomo kwa uji wa unga.

"Ninyi watu wa ng'ombe," alisema akicheka, "munakula kwa kujificha kama wezi. Leo njo nitasikia umetafuna mbele ya watu."

"Usinichekeshe, nitapasua hii."

"Pasua tu, utakula hiyo wewe."

Walikaanga kwa moto wa wastani, na kila sambusa ilipotoka Verdiane aliigonga kwa ukucha. "Sikia. Kama haitoe sauti, haiko sambusa." Zile ambazo hazikulia alizirudisha kwenye mafuta. Mukagasana, ambaye hakufanya kazi yoyote nusu nusu, alizikausha mpaka zote zikalia kama majani makavu. Hakufikiri mbele zaidi ya hapo.

Wakaguzi walikuja wawili mchana. Mmoja alikuwa na mvi na alijua Kiswahili cha mashambani, mwenzake aliandika. Walisifu choo. Walisifu kitambaa cha meza. Yule mwenye mvi alikula sambusa mbili, akapangusa vidole, kisha akageuka.

"Mama naye akule."

Mukagasana alichukua moja. Watu wote walikuwa wakimtazama yeye tu. Aliipeleka mdomoni, akauma, na ule mlio ukatoka. Masikioni mwake ulijaza nyumba nzima, kama mtu amevunja kuni. Akakoma. Kipande kilikaa shavuni, nalo taya likagoma kusogea. Machozi yakaanza kumtoka huku amefumba mdomo, mkono mmoja ukifunika uso.

"Mama iko mugonjwa?" aliuliza mkaguzi.

Karangwa angeweza kusema ukweli: kwamba mke wake ana heshima aliyofundishwa na mama yake, na kwamba heshima hiyo haikumdhuru mtu yeyote. Badala yake alicheka, kicheko cha kuwapendeza wakubwa. "Hapana, Bwana. Bado iko mushenzi kidogo. Nitamufundisha."

Lazima isemwe wazi kwamba hapo ndipo alipopoteza kitu ambacho kadi isingeweza kumrudishia. Mwanamume anayemuuza mkewe ili asifiwe na wageni ameshajichapa mwenyewe, tena kwa fimbo nzito kuliko ya serikali. Na hata bei hiyo haikukubaliwa. Jibu lilikuja kabla ya mvua za masika: nyumba ya karani Karangwa bado.

Mvua zenyewe ziliozesha magunia ya pareto yaliyokuwa chini ya mamlaka yake. Alilazwa uwanjani tena, mahali palepale.

Safari hii alivua shati mbele ya mkewe kwa sababu hakuwa na namna. Mukagasana alileta kibuyu cha siagi, akampaka mgongoni taratibu mpaka alipofikia mabega.

"Sambusa moja," Karangwa alisema, uso ukiwa ndani ya mto wa kulalia. "Ilikuwa sambusa moja tu."

Mukagasana hakujitetea wala hakumkumbusha kile kicheko. Alifunika kibuyu, akatoka.

Siku iliyofuata alikanda unga, peke yake. Alikaanga kwa mawese mpaka zikalia, akabeba sahani, akakaa kwenye jiwe lililo mbele ya nyumba, kando ya njia ambayo watu wote wa shamba walipita, ili ajizoeze kutafuna akitazamwa. Akauma. Wanawake waliotoka kuchuma pareto walisimama, wakashikana mikono.

"Mukagasana anakula barabarani," alisema mmoja. "Fimbo alizopigwa bwana yake zimemupanda kichwani."

Verdiane, aliyekuwa kati yao, hakucheka. "Dada, ingia ndani," alisema.

Mukagasana alifumba macho, akaendelea kutafuna hadi sahani ikaisha. Alifanya hivyo siku nyingi baadaye, akazoea, hata taya lake likasahau aibu. Wakaguzi hawakurudi tena katika nyumba ile.