Mipini ya Mafundi Kwenye Mnara wa Babu

Hapana shangazi, babu hajachanganyikiwa. Unasema kujiwekea tundu ukutani ni kujitabiria kifo, eti tulizibe kwa saruji yaishe. Lile tundu la mwiko wake wa uashi kaliacha zamani, mgongo wake ukiwa mzima. Naandika hapa maana mdomoni hunipi nafasi.

Babu alianza kama kibarua wa kubeba maji, hapo jirani Kariakoo. Siku ya kwanza akausifia ukuta kwamba umenyooka. Mnyapara, msimamizi wa vibarua, akamgeukia: "Macho yako ndo timazi? Lete kamba na jiwe, ukuta ujibu wenyewe!" Baadaye akawa fundi mwashi, akajenga chini ya fundi mkuu mmoja aliyewausia, "Fundi akifa, mwiko wake usiuzwe. Ujengewe ukutani."

Nyumba za zamani zilipoanza kubomolewa kupisha maghorofa, babu akaokota mawe na milango, akajenga mnara peke yake uani kwetu Mchafukoge. Mlango ni mfupi makusudi. Ukiinama kuingia, anasema, umeshawaamkia mafundi waliomo. Ngazi inazunguka, na pa kushikia ni mipini ya miiko ya wenzake waliokufa, bapa limejengewa ndani, mpini nje. Ukipanda ni kama wanakushika mkono. Wageni wanapaita makumbusho. Mimi ndo nawatembeza, na huwa nawaharakisha.

Leo nimemkuta kakaa nje ya mlango, mwiko mapajani. Kuinama hawezi tena.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Hebu panda, kaangalie tundu langu kama limeingia maji."

"Na nani atakujengea huo mwiko?"

"Fundi."

"Fundi gani, babu? Si wote wamo ukutani!"

Ilinitoka tu. Akacheka, halafu kicheko kikakatika. Akaufuta mwiko kwa pindo la msuli, taratibu, wakati ulikuwa msafi.

"Kweli," akasema. "Nilisahau kubakiza mmoja."

Nikapanda ili asinione nalia. Nilishika kila mpini. Tundu lilikuwa kavu.

Kwa hiyo shangazi, saruji yako kaa nayo. Kesho asubuhi, kabla sijafungulia wageni, nachekecha mchanga, naloweka chokaa, halafu namwomba babu mwiko wake. Naanza na ukuta wa bafuni unaomomonyoka, yeye akae kwenye kiti anitukane nikipinda. Kesho asiniite mke wangu. Aniite kibarua.