Makofi ya Poti

Kosa lilikuwa langu, nakiri. Binti yangu alipokojoa kwenye poti kwa mara ya kwanza, nilipiga makofi kwa nguvu hadi jirani akachungulia juu ya ua. Mama mkwe, aliyekuwa barazani akichambua maharage, naye akaweka ungo chini akaja kupiga yake. Mtoto akatutazama mmoja mmoja, akatabasamu kama mgeni rasmi. Tangu siku hiyo, bila makofi hainuki. Hata wali ukiungua jikoni, yeye atakaa palepale, mikono magotini, akisubiri watu wake.

Na mimi sikuwa na muda wa sherehe. Jumatatu nilitakiwa kurudi kazini Remera baada ya likizo ndefu, na bosi alikuwa ameshasema hataningoja tena. Shule ya chekechea ya jirani, hapa Kagugu, ilikubali kumpokea binti yangu kwa sharti moja: asije na pampasi. Mama mkwe alikuwa anarudi kwake Jumapili. Bila shule, basi na kazi hakuna.

Kwa hiyo nilimfuata mtoto nyumba nzima na ile poti ya njano niliyoinunua Nyabugogo. "Mkojo? Mkojo?" Anakataa, napandisha sauti, ananuna, dakika mbili baadaye analowesha zulia. Subira sijajaliwa, na wiki ile hata kidogo niliyokuwa nayo iliniishia. Mama mkwe, aliyekulia Bujumbura na ambaye amelea saba, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, muache mutoto. Hii kitu iko na saa yake. Unamuuliza kama polisi!"

"Saa yake ni Jumatatu, mama," nikamjibu, kwa ukali nilioujutia baadaye.

Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kwa hiyo mtaa mzima tulitoka na majembe kufanya kazi ya pamoja. Tulisafisha mtaro wa maji ya mvua, ukang'aa. Kisha tukaketi kwenye nyasi kwa mkutano. Mkuu wa mtaa alikuwa akieleza habari za takataka wakati binti yangu, ambaye kwa ukaidi wangu sikumvalisha pampasi, alipoteleza kutoka mapajani mwa bibi yake. Akatembea hadi kwenye mtaro. Akashusha suruali mwenyewe, akachuchumaa, akafanya haja kubwa, taratibu, bila wasiwasi.

Alipomaliza alisimama, suruali miguuni, akaugeukia mkutano. Akasubiri.

Mkuu wa mtaa aliziacha habari za takataka. "Huyu mutoto iko wa nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilinyoosha mkono. Lakini mama mkwe alikuwa ameshasimama.

"Munisamehe! Mumupigie amashyi, bila hivyo hatavaa suruali!"

Mtaa mzima ukaangua kicheko na kupiga makofi, mkuu naye akipiga. Binti yangu aliinama akapandisha suruali yake. Mimi nilikabidhiwa jembe nikasafishe kipande kile upya, na ilikuwa haki. Nikiwa mle mtaroni ndipo nilipotambua: safari hii hakuna aliyemuuliza. Alijua mwenyewe.

Jumatatu nilimwacha shuleni na suruali mbili za akiba. Kazini niliweka simu mezani, kila ikilia naidaka. Shule haikupiga. Jioni nilimkuta mlangoni na suruali ileile ya asubuhi, na mwalimu akicheka.

"Mama, huyu mutoto iko na maneno! Amemaliza, ananiangalia tu, na mimi sijui anataka nini. Basi akajipigia makofi mwenyewe, akasimama."

Nilimbeba, nikambusu mashavu yote mawili. Kazi imepona! Njiani nilitaka kumsimulia kila tuliyepishana naye.

Tulipofika nyumbani alikimbilia poti. Nikasimama mlangoni, mikono tayari. Alipomaliza alinitazama kidogo, akajipigia makofi mawili, akanipita akaenda kucheza. Mikono yangu ilikuwa bado juu.