Nilimfokea kwa Sababu ya Chai

Kazi yangu hapa Nyeri ilikuwa kuwachuja watu wenye afya njema waliojitolea kujaribiwa dawa mpya. Kila mmoja nilimpigia simu jana yake nikamwambia asile kitu asubuhi, maana tungempima damu.

Siku moja mkulima wa majani chai kutoka Kangema aliniapia kwamba hajaonja chochote. Sukari ikaonekana iko juu. Nikapima tena, ikawa vile vile.

"Mzee, umekula nini?"

"Sijakula, sista. Nimekunywa tu chai."

Vikombe viwili vya maziwa na sukari, kwa sababu bibi yake hangekubali atoke kwa baridi ile bila chai. Nilimfokea mbele ya watu. Nikamuuliza kama kwao chai ni hewa. Aliniangalia kwa huruma, akavaa koti lake, akarudi nyumbani.

Jioni nilipitia kwa mama yangu. Akaniuliza kama nimekula chochote tangu asubuhi.

"Hata kidogo, mama," nikamjibu, hasira bado iko kifuani. "Nimeshinda na chai tu."